Mkate wa nyama wa watu watatu: nusu kilo tu, oveni sina. Naombeni msaada

Kijiko cha Mbao (mleta uzi):
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanikera tangu Jumapili, nimeona nilishushe hapa kabla sijakata tamaa.

Kabla sijaolewa nilifanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wageni moja Arusha. Wageni wengi walikuwa Wamarekani, na kila Jumatano tuliwapikia mkate wa nyama. Nyama ya kusaga inachanganywa na mkate, yai na kitunguu, inashindiliwa kwenye kopo la mkate, inaingia oveni saa nzima, ikitoka inakatwa slesi kama boflo. Kilichobaki mpishi mkuu alikuwa anatukaangia asubuhi, tunanywea chai. Ladha ile sijaisahau.

Sasa hivi niko Tabata, tuko watatu: mimi, mzee wangu na binti wa miaka 7. Buchani kwetu kilo ya steki ni 12,000, kwa hiyo nanunua nusu na nataka ituvushe milo miwili. Oveni sina. Nina gesi ya plate mbili na jiko la mkaa.

Jumapili nikajaribu. Nyama nusu kilo, unga wa ngano vikombe viwili ili iongezeke, vitunguu vitatu na hoho mbili vyote vibichi. Yai nikalibania. Nikaweka kwenye sufuria, moto mdogo, nikafunika. Baada ya saa moja nafunua, nyama inaogelea. Chini imeungua, katikati uji. Nikakata, ikamwagika. Mzee wangu akaila kwa kijiko bila kusema neno, na ule ukimya ndio ulioniuma. Binti ndiye aliyeuliza, "Mama, hii ni kande?"

Nimekosea wapi? Na mnaojua namna mbalimbali za kuipika kwa bei nafuu, tiririkeni.

Mla Kiporo:
Nimeweka mkeka hapa. Kande ya nyama, binti kaua 😂

Theluji na Ugali:
Pole dada. Mimi niko Ohio mwaka wa tisa huu, na huku mkate wa nyama ni chakula cha nyumbani kabisa. Kupika kwa kubana pesa ndiyo asili yake hasa. Miaka ya 1930 uchumi wa Marekani ulipoanguka, kina mama walichukua nyama kidogo wakaizidisha kwa mkate mkavu, biskuti za chumvi au oti, familia ikashiba. Kwa hiyo wazo lako la kuiongeza ni sahihi. Ulichoongezea ndicho kilichokuponza.

Unga mbichi ukikutana na maji ya nyama unageuka gundi. Unachotaka ni kitu kilichokwisha kuiva ambacho kinanyonya: slesi za mkate wa juzi, wali uliolala, kiazi cha kuchemsha. Nyama ikipata moto inajikunyata na kukamua maji yake. Mkate uliolowekwa maziwa umekaa pale kati kama sponji, unayadaka yale maji yasikimbilie chini. Ndiyo siri yote.

Kipimo changu cha watu watatu:

Nyama ya kusaga nusu kilo. Slesi 2 za mkate, zichane, mwagia maziwa robo kikombe, acha dakika tano kisha ponda kwa uma. Yai 1. Kitunguu maji 1 kikubwa, kikate kidogo sana UKIKAANGE kwanza mpaka kilainike, kiache kipoe. Kitunguu saumu punje 2. Chumvi kijiko kimoja cha chai, sawasawa na ukingo. Pilipili manga.

Changanya kwa vidole, vitu vikishikana tu acha. Ukikanda kama chapati utapata mpira. Na kabla hujaunda, kaanga kidonge kidogo cha huo mchanganyiko uonje chumvi, maana ikishaingia kwenye kopo huna la kufanya.

Mwenye oveni ni nyuzi 180, saa moja hivi. Ukitoa, iache dakika kumi ndipo ukate. Ukikata ya moto itamwagika hata kama ulifuata kila kitu.

Kijiko cha Mbao:
Yaani vitunguu vitatu vibichi na hoho, ndiyo maana ikaogelea. Asante kaka. Au ni dada?

Theluji na Ugali:
Kaka. Mke wangu ndiye hawezi kupika 😅

Mwenye Bucha:
Nichangie upande wangu. Dada umesema steki. Steki ni nyama nzuri ila ya kusaga ikiwa haina mafuta kabisa itakuwa kavu kama mbao, na umeilipia bei ya juu bure. Mwambie muuzaji akukatie kidari au paja lenye mafuta kiasi. Hata robo ya mafuta kwa robo tatu ya nyama si dhambi, ukishaipika sehemu ya hayo mafuta inabaki kwenye sufuria.

La pili, chagua kipande kikiwa kinaning'inia, kisagwe mbele ya macho yako. Ile iliyokwisha kusagwa ipo kwenye beseni tangu asubuhi usiiguse, hasa jioni. Na mwambie apitishe mashine mara moja tu. Wengine wanapitisha mara mbili ikatoka kama dawa ya meno, hiyo ni ya soseji.

Fundi Mitambo:
Swali la kijinga. Kwa nini steki naila ikiwa nyekundu katikati hamna shida, ila hii mnasema mpaka iive kabisa?

Theluji na Ugali:
Si la kijinga mkuu. Kipande kizima, wadudu wa maradhi wanakaa juu juu, na juu ndiko kunakopata moto kwanza. Ukishakisaga umechukua cha nje ukakiingiza ndani. Huku tunachoma kipimajoto katikati: ng'ombe nyuzi 71, kuku au bata mzinga 74. Na rangi isikudanganye, kuna nyama inakuwa ya kahawia kabla haijafika huko. Kipimajoto cha kawaida cha jikoni si ghali. Ukikosa, unda mikate myembamba badala ya gogo moja nene, iive mpaka kati bila wasiwasi, na uongeze dakika kumi za tahadhari.

Waru Moja:
Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Mimi niko Nairobi, tuko wawili na mtoto. Nyama nusu kilo kwangu inatoka mara mbili kwa sababu ya kamande. Chemsha kamande kikombe kimoja mpaka ziive lakini zisipondeke, chuja, mwaga kwenye sinia zikauke, ndipo uchanganye na nyama. Hapo maziwa punguza, mkate slesi moja inatosha, yai usitoe. Mtoto wangu hajawahi kujua.

Mla Kiporo:
Kamande ndiyo ndengu?

Waru Moja:
Apana! Ndengu huku kwetu ni zile za kijani, nyinyi mnaita choroko. Kamande ni zile bapa kama vifungo vya shati.

Bintimvita:
Sisi Mvita twaziita adesi. Zile nyekundu zilobanduliwa maganda zapondeka, usizitie. Chukua za kahawia.

Kijiko cha Mbao:
Kumbe! Mimi huku nikisema dengu muuza duka ananipimia zile za unga wa bajia. Nitamwonyesha picha tu, kiswahili kimetushinda.

Ngoja niulize: naweza kuzidisha kamande kuliko nyama? Robo kilo ya nyama kwa kamande vikombe viwili?

Waru Moja:
Nilijaribu mwisho wa mwezi mmoja mbaya sana 😄 Ilishikana lakini ikawa kavu kavu, ladha ya supu ya kamande iliyokauka. Kwangu mpaka ni nusu kwa nusu, yaani robo kilo ya nyama kwa kikombe kimoja na robo hivi. Ukivuka hapo achana na mkate, tengeneza vidonge ukaange, utafurahi zaidi.

Kingine, weka waru (nyinyi mnaita viazi) iliyopondwa juu badala ya sosi. Mkate ukiiva, pakaza waru yenye siagi kidogo kama unapaka keki, rudisha kwenye moto dakika kumi. Umemaliza chakula chote kwa chombo kimoja.

Bintimvita:
Dadangu Kijiko, asokuwa na oveni amewacha nini? Hapa umetajiwa oveni na watu wa oveni. Mie sasa niko Muscat lakini nimelelewa Mombasa, na mamangu akioka mkate wa kumimina kwa makaa miaka yote. Hiyo sufuria yako ilikushinda kwa sababu moto ulikuwa chini peke yake.

Njia ya kwanza ni kupalia. Sufuria kubwa nzito, tandika mchanga mkavu au chumvi ya mawe chini unene wa kidole, iwashe moto dakika kumi ipate joto. Kopo lako lenye kima, yaani hiyo nyama ya kusaga, liweke juu ya mchanga. Funika kwa mfuniko wa bati bapa, palia makaa juu ya mfuniko. Makaa mengi yawe juu, chini yabaki machache. Dakika hamsini kwa nusu kilo. Juu yatoka rangi nzuri mpaka utasahau oveni.

Njia ya pili nimefunzwa na jirani zangu Wafilipino hapa. Wao wana chao waita embutido. Watia karoti ya kukwaruza, zabibu kavu, mayai ya kuchemsha katikati, wafunga kwa karatasi ya foili kama peremende kubwa, wapika kwa mvuke saa nzima. Ikipoa wakata vipande na wakivitaka vikaangwe, wavikaanga. Wao watumia nguruwe, mie natia ng'ombe, na hakuna kilopungua. Mvuke haukaushi na hauunguzi. Kwa mtu wa gesi mbili ndio njia yako, bibie. Huna hata haja ya kopo.

Kijiko cha Mbao:
Mvuke! Hili hatukuwaza. Ila dada Bintimvita, sina ile sufuria ya matundu.

Bintimvita:
Pindua sahani ya bati ndani ya sufuria, maji yasifike juu yake, foili yako ilale juu ya sahani. Nusu saa ikifika chungulia maji, yakipungua ongeza ya MOTO, si ya baridi, utaikatiza mvuke.

Na ikiiva usimwage ule mchuzi uloko ndani ya foili! Uchuje kikaangoni, tia nyanya mbili za kukwaruza na ukwaju kijiko, sukari kidogo, uache uzito. Hiyo ndio sosi ya kumwagia juu. Wamarekani watia ketchup na sukari, sawa, lakini ukwaju una adabu zake.

Theluji na Ugali:
Hapo kwenye ukwaju nimenyoosha mikono. Kwa faida ya wengine, ya huku ni tomato sosi vijiko 3 vya chakula, sukari guru kijiko 1, siki kijiko cha chai. Unapaka dakika 15 za mwisho, si mwanzoni, sukari inaungua.

Halafu kuhusu mayai katikati, Wajerumani nao wanayo, wanaiita Falscher Hase, sungura wa uongo. Nikimpikia mwanangu namwambia tunakula sungura, anacheka mpaka anapaliwa.

Fundi Mitambo:
Saa nzima ya gesi mnaitetea vipi kwenye uzi wa kubana matumizi? Mtungi wa kilo 6 wangu haufiki wiki tatu.

Mla Kiporo:
🤐 Fundi kaja na hesabu.

Kijiko cha Mbao:
Hapo fundi umenishika. Nilikuwa nawaza hivyohivyo.

Mama Vikombe Vinne:
Nilikuwa nasoma tu, ila hili nina jibu lake. Usitengeneze gogo. Chukua vikombe vya bati vya chai, pakaa mafuta, jaza mchanganyiko mpaka robo tatu, funika kila kimoja kwa kipande cha foili, panga kwenye sufuria ya mvuke. Dakika 30 mpaka 35 vimeiva, kwa sababu joto halina safari ndefu kufika kati. Nusu kilo inatoa vikombe vinne. Sisi tuko watatu, kwa hiyo cha nne ndicho kinakwenda kazini na mzee kesho yake. Jina langu humu mnalielewa sasa.

Mwenye oveni afanye hivyohivyo kwenye kopo za keki ndogo, dakika 25 zinatosha.

La pili, mimi nikichemsha maharage ya wiki kwa mkaa, yale makaa ya mwisho ambayo watu wanayaacha yafe yenyewe ndiyo ninayopikia vikombe. Moto huo nimeshaulipia.

Fundi Mitambo:
Nimekubali mama. Hilo la makaa ya mwisho nimempelekea mke wangu, kajibu "kwani wewe ndiye unanifundisha".

Theluji na Ugali:
Mama Vikombe umemaliza. Na ukipata pesa siku nyingine, nunua kilo, changanya yote, pika nusu, nyingine igandishe mbichi ikiwa imefungwa vizuri. Iliyokwisha kuiva kwenye friji kula ndani ya siku tatu au nne.

Mwenye Bucha:
Kuna mtu kaniuliza pembeni kuhusu maini. Robo ya maini kwa robo tatu ya nyama inakubali. Ila yasage pamoja, usiyakate vipande, na ongeza pilipili manga. Yakizidi hapo harufu yake inatawala.

Mla Kiporo:
Na nyama ya soya wakuu? Mwanafunzi hapa, nyama naiona sikukuu.

Waru Moja:
Loweka kwa maji moto yenye chumvi mpaka ilainike, KAMUA kama unafua soksi, isage au ikate kidogo kidogo, changanya na nyama nusu kwa nusu. Usipoikamua utarudi kwenye kande ya dada Kijiko.

Wali wa jana nao unakubali, kikombe kimoja kwa nusu kilo, unaacha mkate kabisa. Ugali usijaribu. Mimi nilijaribu. Sitaki kuongelea.

Kijiko cha Mbao (mleta uzi):
Wakuu, leo Jumapili nyingine, nimerudi na mrejesho.

Nilikwenda buchani nikasema "kidari, nisagie mara moja", yule kijana akaniangalia mara mbili, akasaga bila kubishana. Nimetumia nusu kilo, kamande kikombe kimoja nilizozikausha kwenye sinia, slesi moja ya mkate, yai moja ndani. Kitunguu kimoja nimekikaanga na karoti. Nikaonja kidonge, chumvi ilikuwa pungufu, nikaongeza. Kwa kuwa mchanganyiko uliongezeka, nusu nimeiweka kwenye vikombe viwili na nusu nimeifunga kwenye foili na mayai mawili ya kuchemsha, nilitaka kujionyesha kidogo.

Vikombe nimevitoa baada ya dakika 35, foili nikaiacha itimize saa. Nilipofungua mvuke ulinipiga usoni, ile harufu ya Arusha ikarudi. Nikajizuia dakika kumi, binti akiwa amesimama na sahani. Nikaweka kisu. Imekatika! Slesi imesimama yenyewe kwenye sahani, imetulia, unaona karoti humo kama nukta. Mchuzi wa foili nikaupika na nyanya na ukwaju kama dada wa Muscat alivyosema, mzee akaufuta na ugali mpaka sahani ikang'aa. Safari hii alisema neno, tena moja tu: "Ipo nyingine?" Ilikuwepo. Kikombe kimoja kimebaki, nitakikata nikikaange kesho asubuhi.

Lakini kuna kesi. Yale mayai yalitoroka. Moja lilikwenda mwisho kabisa wa foili, jingine likabaki karibu na katikati likiwa limelala upande. Slesi za mzee zote mbili hazikuwa na yai hata chembe, na binti aliyahesabu mbele yake. Mnayafanyaje yakae mstari mmoja?

Bintimvita:
Hongera dadangu! Hilo dogo. Yai la kuchemsha likate ncha zote mbili mpaka uone kiini, kisha yapange kichwa kwa kichwa yagusane kama mabehewa ya treni, ndipo ukunje nyama juu yake uibane vizuri. Halina pa kuzunguka, na kila slesi yatoka na kiini chake.

Zile ncha ulozikata ni za mpishi. Zitie chumvi, uzile kabla hawajaja.